Mwili upewe namba kabla ya sanda

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu yako ya barua, na radhi kwa urefu wa tutakayoyasema.

Kila wiki magazeti yetu huchapa habari za namna moja. Kijana anayedaiwa kuiba pikipiki ameuawa na wananchi wenye hasira kali. Mume amemuua mkewe kwa panga kisha naye akajiua, chanzo kikidaiwa kuwa wivu wa mapenzi. Mwili wa mwanamke ambaye hajafahamika umeokotwa mtaroni. Kamanda wa Polisi wa Mkoa anathibitisha, mwili unakabidhiwa kwa ndugu kwa ajili ya mazishi, na msomaji anafunga gazeti akidhani kifo hicho kimeshahesabiwa. Kimehesabiwa kweli, tena zaidi ya mara moja: kimo katika daftari la chumba cha maiti, kimo katika jalada la polisi, kimo katika hati ya daktari ya chanzo cha kifo, na ndugu wakifuatilia kitakuwemo katika daftari la msajili wa vifo. Shida ni kwamba vitabu hivyo havijawahi kukutanishwa. Uliza swali jepesi tu, kwamba mwaka jana wilayani waliuawa watu wangapi, wa umri gani, kwa silaha gani na saa ngapi, kila kitabu kitakupa jibu lake, na hakuna kitakachokuwa kimesema uongo.

Hoja yetu ni moja. Kabla serikali au mfadhili yeyote hajanunua mfumo mpya wa kompyuta, kila mwili upewe namba moja itakayoandikwa katika vitabu vyote, na wenye vitabu hivyo wakae meza moja kila wiki. Kompyuta isiyopewa namba ya kuunganishia itahifadhi tu ule mtawanyiko uliopo, kwa kasi zaidi.

Kwanza tuelewane tunahesabu nini. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2002 kuhusu ukatili na afya iliueleza ukatili kuwa ni kutumia nguvu kwa makusudi dhidi ya nafsi yako, mtu mwingine au kundi la watu. Kwa maana hiyo vifo vya ukatili ni vya aliyeuawa na mtu mwingine, aliyejiua, aliyeuawa katika hatua za vyombo vya dola, na yule ambaye dhamira ya tukio haikuweza kujulikana. Katika misimbo ya ICD-10, orodha ya kimataifa ya kuainisha magonjwa na vyanzo vya vifo, kujiua ni X60 hadi X84, kushambuliwa ni X85 hadi Y09, dhamira isiyojulikana ni Y10 hadi Y34, na hatua za vyombo vya dola ni Y35. Huo wa mwisho unaeleza wenyewe kwa nini chanzo cha takwimu hizi hakiwezi kuwa polisi peke yao. Ajali za barabarani zina hesabu zake, tusizichanganye humu.

Madaktari wengi hukwama kwenye neno "kuuawa". Wanahofia kwamba wakiliandika watakuwa wametoa hukumu, na kesho wataitwa mahakamani kuitetea. Hofu hiyo ina mantiki lakini haina msingi, kwa sababu takwimu ya afya si hukumu. Inasema tu kwamba mtu mwingine alitumia nguvu kwa makusudi na huyu akafa. Haisemi ni nani, haisemi kama ni kuua kwa kukusudia au bila kukusudia kwa lugha ya Kanuni ya Adhabu, wala haisubiri mahakama imalize. Ukiingojea hukumu ndipo uhesabu, utahesabu kesi zilizokwisha, si watu waliokufa. Kwa hiyo fomu iwe na nafasi tatu tofauti: daktari aliona nini, polisi waliona nini, na meza ya wiki imeamua kukiweka kifo kwenye kundi gani kwa ajili ya takwimu. Daktari na polisi wakipishana, asifutwe hata mmoja. Mpishano huo nao ni taarifa.

Sasa tuangalie mahali ambapo kifo hupotea. Kijana amekatwa panga kichwani Jumamosi. Amepewa PF3, fomu ya polisi ya kumruhusu majeruhi atibiwe, katika kituo cha karibu, akafikishwa hospitali ya wilaya, akahamishiwa hospitali ya rufaa ya mkoa jirani, na siku ya 9 akafariki. Daktari wa zamu anaandika kwenye hati, mstari wa (a), maambukizi katika damu. Mstari wa (b), jeraha la kichwa. Basi. Mstari wa (c), ambao ndio ungebeba chanzo cha msingi, ameuacha wazi. Karani wa misimbo akiipata hati hiyo hana pa kushika. Jeraha la ndani ya kichwa ni S06, na kanuni za ICD-10 haziruhusu msimbo wa S wala wa T, inayotaja jeraha lenyewe tu, kuwa chanzo cha msingi cha kifo. Lazima apatikane msababishi wa nje, kati ya V01 na Y98. Kwa kuwa hakuandikwa, karani ataangukia X59, jambo lisilobainishwa, ambalo limo katika fungu la ajali. Mtu aliyekatwa panga mbele ya watu amehesabiwa kuwa amepata ajali, na hakuna aliyedanganya.

Upande wa pili, kituo alikopewa PF3 bado kina jalada la kujeruhi. Hospitali ya rufaa iko mkoa mwingine, na polisi waliofika pale kuuchukua mwili ni wa kituo kingine kabisa. Jalada la kwanza haligeuki kuwa la mauaji hadi mtu apige simu, na mara nyingi hapigi. Kanuni ya Adhabu yenyewe imeweka kikomo cha mwaka mmoja na siku moja kati ya tendo na kifo. Kwa hiyo anayeoanisha majalada ya kujeruhi na orodha ya vifo asitafute wiki mbili au tatu tu, atafute siku 366 kwenda mbele, na atafute katika hospitali za rufaa zote zinazopokea wagonjwa kutoka wilaya hiyo.

Tiba ya upande wa hospitali ni sentensi moja mstari wa mwisho: "kukatwa panga na mtu mwingine, barabarani, tarehe fulani." Fomu ya kimataifa ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2016 ina sehemu nzima ya jambo hili, yenye visanduku vya ugonjwa, ajali, kujidhuru, kushambuliwa, hatua za vyombo vya dola, vita, isiyoweza kubainika na inayosubiri uchunguzi, pamoja na tarehe ya jeraha, maelezo ya jinsi lilivyotokea na mahali. Kisanduku cha "inayosubiri uchunguzi" ndicho cha hatari kuliko vyote. Kila hati yenye alama hiyo iingizwe katika orodha ya madeni na irudiwe baada ya siku 30, 90 na 180. Bila hivyo itasubiri milele.

Afrika Kusini ni onyo la kutosha. Kwa jinsi sheria yao ya usajili wa vizazi na vifo ya mwaka 1992 inavyotekelezwa, hati ya kifo kisicho cha ugonjwa haibainishi kama marehemu aliuawa, alijiua au alipata ajali. Takwimu za usajili zikawa na mlima wa majeraha yasiyo na dhamira. Ilibidi watafiti warudi vyumba vya maiti, kwanza kwa mfumo wa ufuatiliaji ulioanza mwaka 1999, kisha kwa uchunguzi wa sampuli ya vyumba vya maiti vya nchi nzima kwa vifo vya mwaka 2009. Walikadiria vifo 52,493 vilivyotokana na majeraha, na karibu nusu, 25,499, vilikuwa vya makusudi.

Chumba cha maiti basi ndiyo mahali pa kuanzia, na hata hapa kwetu si jambo geni: mwaka 2005 watafiti wa Muhimbili walihesabu vifo vya ukatili vya Dar es Salaam kwa kuanzia hapo hapo, na mauaji ya hao wananchi wenye hasira kali yakaonekana waziwazi.

Namba yenyewe iwe fupi. Tarakimu 3 za kituo, 2 za mwaka, 4 za mfululizo, na 2 za ukaguzi. Za ukaguzi hupatikana kwa kugawa namba nzima kwa 97 na kuandika kinachobaki. Mfano, kituo 042, mwaka 25, mwili wa 143: 042250143 ukigawa kwa 97 kinabaki 47, kwa hiyo namba kamili ni 042-25-0143-47. Karani akikosea akaandika 0134 badala ya 0143, kinachobaki kinakuwa 38, na kosa linajitokeza palepale. Wengine hujumlisha tarakimu tu, lakini njia hiyo haikamati tarakimu zilizobadilishana nafasi, na hilo ni miongoni mwa makosa makubwa ya mkono uliochoka. Mhudumu wa chumba cha maiti hatakiwi kupiga hesabu hizi. Mchapishaji azichape kwenye stika tayari, 5 kwa kila mwili: moja ya daftari la maiti, moja ya fomu ya polisi, moja ya hati ya daktari, moja ya kibali cha mazishi, na moja ya akiba kwa ajili ya sampuli au picha. Kwenye mwili wenyewe stika haifai. Maji, damu na dawa ya kuhifadhia huiondoa. Funga lebo ya kitambaa au plastiki kwa kamba, kifundo cha mguu na cha mkono, iliyoandikwa kwa penseli au kalamu isiyofutika. Wino wa kalamu ya kawaida hauvuki usiku wa kwanza.

Kinachoifanya namba isirukwe ni kibali cha mazishi. Kila familia inakihitaji. Ikiamriwa kwamba hakitolewi kwa kifo kisicho cha ugonjwa bila stika, daftari litajaa lenyewe bila semina wala posho.

Lakini si kila mwili unafika chumba cha maiti. Vijijini polisi huja na daktari au tabibu, uchunguzi unafanyika palepale chini ya mti, na mwili unakabidhiwa kwa ndugu. Kwa Waislamu mazishi hayangoji, na familia nyingi za dini zote hazitaki mwili upasuliwe. Tusigombane nao kwa jambo ambalo takwimu haihitaji. Uchunguzi wa nje unaofanywa vizuri, wa dakika 15, unatosha kwa karibu kila kipengele tunachokitaka: idadi ya majeraha, mahali yalipo, aina ya kilichotumika, kama kuna alama za kujikinga mikononi, kama kuna harufu ya pombe au sumu, nguo, na makadirio ya umri. Daktari anayetoka na polisi abebe kitabu cha stika mfukoni. Ambapo hata polisi hawakufika, Afisa Mtendaji wa Kijiji atoe taarifa, na baadaye wafiwa wahojiwe kwa dodoso la chanzo cha kifo. Njia hiyo ilitumika hapa nchini tangu mwaka 1992 katika mradi wa kufuatilia vifo vya watu wazima Dar es Salaam, Hai na Morogoro Vijijini, kwa hiyo hakuna wa kutuambia haiwezekani. Mahojiano yafanyike baada ya arobaini, yasivuke mwaka: mapema mno ni kuwatonesha wafiwa, ukichelewa sana wamesahau tarehe.

Saa nazo. Hapa tuna kosa ambalo miongozo iliyotafsiriwa kutoka nje hailijui kabisa. Shahidi anasema tukio lilitokea saa 2 usiku. Askari anaandika "saa 2", karani anaingiza 02:00, na mauaji ya baada ya chakula cha jioni yamehamia usiku wa manane. Aliyeuawa saa 8 usiku anaandikwa 08:00, akawa ameuawa watoto wakiwa shuleni. Fomu iwe na kisanduku cha kipindi (alfajiri, asubuhi, mchana, jioni, usiku) kando ya saa ya Kiswahili, na mashine ndiyo ibadilishe. Mtu asibadilishe kichwani. Siku nayo ni hivyo hivyo. Kwa wazee wengi wa pwani "usiku wa Ijumaa" ni Alhamisi jua likishazama, kwa kijana wa mjini ni Ijumaa yenyewe. Andika tarehe zote mbili, usiku wa tarehe 14 kuamkia 15, ubishi umekwisha.

Mtu atauliza saa moja au mbili zina uzito gani. Cali, Colombia, mwaka 1994 ilikuwa na mauaji 124 kwa kila wakazi 100,000. Meya wake, Rodrigo Guerrero, alikuwa daktari wa epidemiolojia, elimu ya mwenendo wa magonjwa katika jamii, na alichofanya ni kuwakutanisha kila wiki polisi, waendesha mashtaka, wataalamu wa maiti na watu wa afya, ili wakubaliane juu ya kila kifo. Wengi walidhani kila kitu ni biashara ya dawa za kulevya. Orodha iliyounganishwa ilionyesha kwamba mauaji yalirundikana mwisho wa wiki na sikukuu, pombe ikiwemo na bunduki mkononi. Mji ukapunguza saa za kuuza pombe na kupiga marufuku kubeba bunduki wikiendi za mishahara na siku za sikukuu. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2000 ulikuta mauaji yakiwa chini kwa 14% Cali na 13% Bogotá, mji mkuu wao uliochukua hatua hiyo hiyo, wakati marufuku ilipokuwa inatumika. Fikiria kama karani wa Cali angekosea saa na siku kama tunavyokosea sisi.

Kuoanisha majina ndiyo kazi inayokula muda. Marehemu mmoja ni Athumani kwa polisi, Othman kwenye hati, Asumani kwa shangazi aliyekuja kuuchukua mwili. Khamis ni Hamisi, Ramadhani ni Ramazani, Joseph ni Yosefu. Programu za kulinganisha majina zilizotungwa kwa Kiingereza huharibu zaidi kuliko kusaidia. Afadhali kanuni zetu wenyewe, zitumike kwenye nakala ya kulinganishia tu na si kwenye jina la asili: ondoa irabu ya mwisho, kh iwe h, dh iwe z, th iwe s, r iwe l, herufi pacha iwe moja. Mpangilio wa majina matatu usizingatiwe, kwa sababu jina la baba na la babu hubadilishana nafasi kila ofisi. Umri usilinganishwe kwa mwaka kamili. Wengi hukadiriwa, na makadirio hurundikana kwenye 20, 25, 30 na 35.

Hesabu ya kuoanisha ina nadharia nzuri, iliyowekwa mwaka 1969 na watakwimu wa Kanada Ivan Fellegi na Alan Sunter, lakini wilaya inaweza kuanza na alama za mkono. Namba ya RB (ya kitabu cha taarifa cha kituo cha polisi) au ya jalada ikilingana, jambo limekwisha. Isipokuwepo: tarehe ya tukio ikipishana siku isiyozidi 1, alama 3, kata ileile, 3, umri ndani ya miaka 5, 2, silaha ileile, 2, majina mawili yakilingana, 4, jina moja, 2. Jinsia ikipishana usiunganishe, isipokuwa miili iliyoungua. Alama 10 na zaidi unganisha. 6 hadi 9 peleka mezani. Chini ya hapo acha. Kabla ya kuziamini, zijaribu kwa jozi 100 ambazo tayari unajua ni za mtu mmoja, na nyingine 100 unazojua si zenyewe, kisha urekebishe.

Mtego mmoja utawapata wote. Vijana wawili wasiofahamika wameuawa na umati usiku mmoja, kata moja, kwa mawe, umri unafanana. Kila mwili utapata alama 10 na jalada la mwenzake. Hapo kinachookoa ni nguo, makovu, jino, rangi ya fulana. Ndiyo maana mhudumu asiachie mwili wa mtu asiyejulikana uvuliwe nguo kabla vitu hivyo havijaandikwa.

Na ndiyo maana pia namba ya mwili na namba ya tukio ni vitu viwili. Ya mwili hutolewa mlangoni. Ya tukio hutolewa na meza ya wiki, wakati picha imekamilika. Mume aliyemuua mkewe kisha akajiua ni miili miwili, tukio moja. Polisi hufunga jalada kwa kuwa mtuhumiwa amekufa. Afya huhesabu mwanamke katika kushambuliwa na mwanaume katika kujiua, kurasa mbili zisizojuana, na aina hiyo ya mauaji ya wanawake haionekani popote. Marekani huviunganisha vifo vinavyohusiana iwapo majeraha yametokea ndani ya saa 24. Tuichukue kanuni hiyo kama ilivyo.

Mfumo huo wa Marekani, unaounganisha hati ya kifo, ripoti ya korona (afisa wa kuchunguza vifo) au mchunguzi wa maiti, na ripoti ya polisi, tunautaja kwa sababu moja zaidi. Wana fedha, na bado walianza na majimbo 6 tu mwaka 2002, wakakusanya taarifa za kwanza mwaka 2003, na ilipofika 2018 ndipo majimbo yote 50 yalipokuwa yamo. Tangu mwaka 1975 walikuwa na orodha kamili ya vifo vya barabarani, ya kuunganisha vifo vya ukatili hawakuwa nayo. Fomu yao ina vipengele zaidi ya 600. Sisi visivuke 30, lakini muhtasari wa maneno waliouweka usiachwe: aya moja kutoka kwa polisi, aya moja kutoka kwa daktari, bila majina. Visanduku havina gobore, rungu, tairi na petroli, wala ugomvi wa mpaka wa shamba au tuhuma za uchawi dhidi ya kikongwe. Aya inavyo vyote, na baada ya mwaka mmoja utajua ni visanduku gani vya kuongeza.

Meza ya wiki iwe ya watu watano: mhudumu mkuu wa chumba cha maiti, askari wa takwimu kutoka ofisi ya Mkuu wa Upelelezi wa Wilaya, msajili wa vifo, mratibu wa MTUHA (mfumo wa taarifa za huduma za afya) kutoka kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, na afisa ustawi wa jamii. Jumatatu, kwa muda wa saa mbili, kila mmoja na kitabu chake halisi. Nakala ya simu haitoshi. Wanasoma mwili kwa mwili. Mwenyekiti awe wa afya. Mkutano ukikosa wiki tatu mfululizo, ujue umekufa, na sababu huwa ni moja kati ya mbili: askari amehamishwa na aliyempokea hakuambiwa, au watu wameona taarifa inapanda juu na hairudi. Kila mwezi wapewe ukurasa mmoja wa kilichopatikana wilayani kwao.

Orodha mbili zilizounganishwa zinaleta na faida nyingine, ya kukadiria ambao hawamo popote. Tuseme, kwa mfano wa kubuni, chumba cha maiti kina vifo 120, polisi 90, na 60 wamo kote kuwili. Waliojulikana ni 150. Zidisha 120 kwa 90, gawa kwa 60, unapata 180, maana yake takriban 30 hawakuandikwa na yeyote. Tahadhari: hesabu hiyo inadhani orodha hazitegemeani, na polisi ndio wanaoleta miili mingi. Kwa hiyo 180 ichukuliwe kuwa kiwango cha chini.

Suala la kujiua tuliguse kwa ufupi. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinamfanya aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji, na familia zinajua. Wanasema aliteleza, alikosea chupa. Daktari asiwabane. Aandike alichoona, na kama ni sumu ya shambani aandike jina lililo kwenye kopo, siyo "sumu" tu. Sri Lanka ilipopiga marufuku viuatilifu vikali zaidi vilivyokuwa vimebaki mwaka 1995, vifo vya kujiua vilipungua kwa karibu nusu katika miaka 10 iliyofuata. Nchi isiyojua majina ya makopo haiwezi kuamua lipi liondolewe dukani.

Kuhusu siri: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 haizuii kazi hii, inailazimisha ifanywe kwa adabu. Majina yabaki kwenye kitabu cha kiungo kinachofungiwa kabatini, ufunguo kwa mtu mmoja na msaidizi wake. Faili la uchambuzi liwe na namba tu. Jina la mtuhumiwa lisiingie hata kwa bahati mbaya. Idadi iliyo chini ya 10 isichapishwe kwa kata, kwa sababu kijijini "mwanamke mmoja, miaka 34, panga" ni sawa na kutaja jina.

Kwako Mhariri, kuna jambo ambalo ofisi yako inaweza kulifanya bila kusubiri waraka wa mtu. Vipande vya magazeti ni orodha ya tatu, na huko Kenya orodha za mauaji ya wanawake zimejengwa kwa kuanzia habari za magazeti. Waandishi wako wakiripoti kifo, watuandikie saa pamoja na kipindi chake, tarehe zote mbili kama ni usiku, kata, na kilichotumika. Na majeruhi wa habari ya Jumatatu akifariki Alhamisi ya wiki ya pili, iandikwe tena, hata mistari miwili ukurasa wa ndani. Karani ataikata na kuibandika kwenye jalada.

Ni sisi,
Watumishi wa takwimu za afya na usajili wa vifo,
Dar es Salaam